Kunyamazisha maonyo yasiyofaa katika Cppcheck bila kuficha hitilafu za kweli

Cppcheck ni zana huria inayochambua msimbo wa C na C++ bila kuuendesha. Kwa kuwa inategemea kuusoma msimbo tu, mara nyingine hulalamikia mstari usio na kasoro. Somo hili linaeleza namna ya kuandika kanuni za kunyamazisha malalamiko hayo, tukianza na kanuni finyu kabisa na kuipanua pale tu inapobidi.

Hatua ya 1: Tafuta kitambulisho cha onyo. Kila onyo lina jina lake fupi, ambalo huonekana ndani ya mabano ya mraba mwishoni mwa ujumbe, kama vile `[memleak]`, yaani kumbukumbu iliyotengwa bila kuachiliwa. Orodha nzima ya majina hayo hupatikana kwa amri `cppcheck --errorlist`.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba onyo si la kweli. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, ilhali ndiyo nzito kuliko zote. Chukua mfano wa `nullPointerRedundantCheck`, onyo linalotokea pale pointa (kigezo kinachoshika anwani ya kumbukumbu) inapotumiwa kwanza, kisha mistari michache baadaye ikakaguliwa kama ni tupu. Zana haidai kwamba programu itaanguka. Inachosema ni kwamba ama ukaguzi ule hauna kazi, ama matumizi yaliyoutangulia ni ya hatari, na kwa kawaida hoja hiyo ina mashiko. Dawa yake ni kuusogeza ukaguzi juu au kuufuta, wala si kuandika kanuni.

Hatua ya 3: Nyamazisha mstari mmoja. Weka komenti juu ya mstari unaolalamikiwa:

`// cppcheck-suppress memleak ; Kumbukumbu hii huachiliwa na foleni`

Maneno yaliyo baada ya nukta-mkato ni sababu yako. Zana haiyahitaji, lakini atakayeusoma msimbo huo baada yako atayahitaji sana, na kwa maoni yangu kanuni isiyo na sababu haistahili kupokelewa katika mradi. Komenti hizi hufanya kazi pale tu unapoendesha zana kwa chaguo la `--inline-suppr`.

Hatua ya 4: Andika faili ya kanuni. Yanayohusu faili nzima au folda yakusanye mahali pamoja, tuseme katika `kanuni.txt`:

```
# fanksheni hizi huitwa na programu nyingine
unusedFunction:src/kiolesura.c
# msimbo wa nje, hatuubadilishi
*:nje/*
missingIncludeSystem
```

Kisha endesha:

`cppcheck --enable=all --inline-suppr --suppressions-list=kanuni.txt src`

Kanuni ya mwisho haina jina la faili, kwa hiyo inaenea mradi mzima. Kwa onyo hili, linalosema kwamba faili ya kichwa (`.h`) ya mfumo haikupatikana, naikubali, kwa sababu Cppcheck haihitaji faili za vichwa za maktaba ya kawaida ili itoe matokeo sahihi. Kuiandika `memleak` kwa namna hiyo hiyo ni sawa na kuing'oa king'ora kwa sababu kililia usiku mmoja.

Hatua ya 5: Ondoa kanuni zilizopitwa na wakati. Msimbo ukibadilika, kanuni hubaki. Chaguo la `--enable=information`, ambalo tayari limo ndani ya `--enable=all`, hutoa onyo la `unmatchedSuppression` kwa kila kanuni isiyopata cha kunyamazisha.

Maswali ya wanachama

*Swali:* Kanuni yangu ina jina sahihi la faili, lakini onyo bado linatokea. Tatizo ni nini?

*Jibu:* Linganisha njia ya faili uliyoandika na ile iliyomo katika ujumbe wenyewe, kwa maana ni lazima zilingane. Ujumbe ukionyesha `src/kiolesura.c`, kuandika `kiolesura.c` peke yake hakutoshi. Tumia mkwaju wa `/` hata kama uko kwenye Windows.

*Swali:* Nimeiondoa folda ya `nje` kwa chaguo la `-i`, lakini faili zake za vichwa bado zinalalamikiwa.

*Jibu:* Chaguo hilo huondoa faili za msimbo tu. Faili ya kichwa inayoingizwa na faili nyingine itaendelea kuchambuliwa, na ndiyo maana nimeweka `*:nje/*` katika hatua ya 4.

*Swali:* Je, inawezekana onyo liendelee kuonekana, lakini lisisimamishe ujenzi kwenye seva?

*Jibu:* Inawezekana. Ikiwa seva yenu hutumia `--error-exitcode=1`, andika kanuni hizo katika faili ya pili na uitaje kwa `--exitcode-suppressions=`. Maonyo yake yatachapishwa kama kawaida bila kuathiri msimbo wa kutokea, yaani namba ambayo zana huirudisha inapomaliza na ambayo seva huitumia kuamua kama ujenzi uendelee.