SOMO: Mbwa katoka uvimbe au kinyama kinachovuja damu, fanya hivi kabla hujanunua dawa yoyote

Mwangaluka wadau. Hili somo nimedaiwa mda mrefu na nimeamua leo niliandike lote maana wiki hii tu nimeletewa mbwa wawili, mmoja kutoka Igoma mwingine kule mwaloni, wote wameshachomwa sindano za kila aina na hakuna aliyechukua ata dakika tano kuangalia ule uvimbe ni kitu gani. Mimi sio daktari, ni mfugaji wa mbwa hapa Ilemela, Mwanza, haya nimefundishwa na dokta wa mifugo aliyemtibu mbwa wangu Jimi na mpaka leo majirani wakipata shida nawasindikiza kwake.

Nianze na Jimi ndo mtaelewa. Asubuhi moja nafagia nikaona matone ya damu kwenye simenti, mabichi, yametoka getini mpaka kwenye bakuli lake. Nikajua kakojoa damu. Duka moja la dawa za mifugo wakanipa penisilini, wakasema ni maambukizi ya mkojo, nikachoma wiki tatu nzima na damu ikawa inaongezeka. Dokta alipokuja alimfunga mdomo kwa kitambaa, akamlaza ubavu, akasukuma govi lote nyuma mpaka kwenye shina la uume, na pale ndo nikaona kinyama chekundu kama koliflawa, kimegawanyika gawanyika, ukikigusa tu kinatoa damu. Wiki tatu kilikuwa pale pale na mimi nachoma dawa ya mkojo.

HATUA YA 1, mpapase mwili mzima. Sio pale unapopaona tu. Anza kichwani, ndani ya mdomo, shingoni, kwapani, tumboni, pitisha vidole chuchu moja moja (jike ana jozi 5 kwa kawaida na uvimbe hupenda sana zile jozi mbili za nyuma), alafu sehemu za siri. Gusa na mitoki chini ya taya, mbele ya bega, kwenye nyonga na nyuma ya goti, upande mmoja ulinganishe na mwingine. Mbwa ata awe mpole vipi mfunge mdomo kwanza, maana unagusa panapouma, na awe ana chanjo ya kichaa cha mbwa.

HATUA YA 2, andika. Pima kwa rula, piga picha rula ikiwa pembeni, weka tarehe. Kichwa kinadanganya, unaweza kusema "mbona uko vile vile" kumbe umeongezeka mara mbili. Kipimo ninachotumia mimi: uvimbe ukifika sentimita 1 au ukikaa mwezi 1, unaenda kuchomwa sindano ya kipimo.

HATUA YA 3, tofautisha kwanza vitu ambavyo sio kansa. Huku kwetu kuna inzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo na kinyesi, funza wake anaingia kwenye ngozi ya mbwa na kutoa kinundu kama jipu chenye kitundu katikati, ukiangalia vizuri unaona kitu kinapumua pale. Huyo ukiziba tundu kwa vaselini anakosa hewa na kujitokeza, unamtoa taratibu mzima mzima. Kuna majipu ya kung'atwa, haya yanakuja ghafla ndani ya siku mbili tatu na yana joto. Kuna uvimbe wa mafuta kwa mbwa wazee, laini, unateleza chini ya ngozi. Ila laini sio ushahidi! Kuna kansa ya ngozi ambayo inajifanya uvimbe wa mafuta, ukiiminya minya inavimba zaidi na kuwa nyekundu, kwahiyo acheni kuminya.

HATUA YA 4, kipimo, na hapa naomba mtulie maana ndo roho ya somo. Daktari anachukua sindano nyembamba na bomba, anachoma kwenye uvimbe, anapata kitone kidogo, anakimwaga kwenye kioo na kukitandaza. Kama kinyama kiko wazi kinavuja, wakati mwingine anagandamiza kioo pale pale tu na kukinyanyua. Kinakaushwa hewani, kinapakwa rangi, Giemsa ile ile ya kupimia malaria inafaa, alafu hadubini. Cha Jimi niliomba nichungulie. Niliona seli za duara nyingi zimelundikana na ndani ya kila moja vitundu vyeupe vimejipanga kama povu dogo la sabuni. Dokta akasema hivyo vitundu ndo saini ya kansa ya kuambukizana, nitaieleza kwenye hatua ya 5. Shughuli nzima haikufika nusu saa na Jimi hakulia.

Kuna uvimbe ambao sindano haitoshi, inabidi kikatwe kipande kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kipande, kipelekwe maabara. Na tafadhali, kabla ya kipimo mbwa asichomwe dawa za jamii ya steroidi, zinapunguza uvimbe kwa mda na kuvuruga majibu.

HATUA YA 5, jua huu uvimbe wa kuambukizana, ndo aliokuwa nao Jimi. Kitaalamu unaitwa TVT, yaani kansa ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana, na kwa mbwa wanaozurura kama wa kwetu ndo wa kwanza kuufikiria ukiona damu sehemu za siri. Sio kirusi wala bakteria. Seli za kansa zenyewe ndo zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, wakipandana, wakilambana, wakinusana, ndo maana kuna mbwa unamkuta nao puani anatoka damu pua moja. Mbwa ana kromosomu (vifurushi vya vinasaba ndani ya seli) 78, seli za huu uvimbe zina kama 57 mpaka 59 tu, yaani sio seli za mwili wa mbwa wako kabisa, ni za mbwa aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita na zimekuwa zikihama mpaka leo. Mwaka 1876 kule Urusi daktari wa mifugo Novinsky aliupandikiza toka mbwa hadi mbwa na ukaota.

HATUA YA 6, tiba. Habari njema ni kwamba TVT inapona, ni moja ya kansa zinazosikia dawa vizuri sana. Dawa ni vinkristini, inaingia kwenye mshipa mara 1 kwa wiki, wengi wanamaliza kati ya wiki 4 na 8. Kukata peke yake mara nyingi kinarudi. Kila wiki mbwa anapimwa uzito maana dozi inakokotolewa kwa eneo la mwili, nalo linapatikana kutokana na uzito, na damu inaangaliwa kama chembe nyeupe hazijashuka sana, zikishuka anasubirishwa. Anaweza kutapika au kukataa chakula siku mbili tatu, Jimi alikataa ugali akawa anakula furu (samaki wadogo wa ziwani) wa kuchemsha tu.

Sasa kosa langu. Baada ya sindano ya tatu kinyama kilisinyaa kikabaki kama punje ya harage, damu imekata, mbwa anaruka ruka, na mimi hela ya nauli ilikuwa inauma, nikaacha. Mwezi wa pili kikarudi. Tukaanza upya na safari hii hatukusimama mpaka dokta aliposema hakuna kitu, alafu akaongeza sindano moja. Ukiona kimepungua huo sio mwisho wa dawa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Buhongwa: Mkuu asante kwa somo. Jike langu anatoa damu, nitajuaje ni joto (siku za kutaka dume) au huo ugonjwa?

Jibu: Joto kwa kawaida linakuja kama kila miezi 6 na damu inaisha ndani ya wiki mbili tatu. Damu ikipita mwezi, au inadondoka mbichi kila siku, au anajilamba bila kupumzika, mpeleke aangaliwe kwa ndani. Na mfungie, madume yasimfikie.

Mdau wa Ukerewe: Huku daktari wa mbwa hamna, naweza kutumiwa hiyo dawa na meli ya Nansio nikachoma mwenyewe? Ng'ombe nachoma vizuri tu.

Jibu: Hapana kaka yangu, nakusihi. Ya ng'ombe unachoma kwenye nyama, hii ikivuja nje ya mshipa kidogo tu inaozesha nyama ya mguu mpaka mfupa unaonekana. Inahitaji glovu na inataka kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Unachoweza kufanya ni kumwomba afisa mifugo wa kata agandamize kioo, akikaushe, akifunge kwenye kiboksi akitume, kioo kikavu hakihitaji barafu. Majibu yakija ndo unajua kama safari na mbwa ni ya lazima.

Dada wa Nyegezi: Nimesoma kwamba hiyo vinkristini inatoka kwenye lile ua la pinki la vinka tunalopanda nje. Siwezi kuchemsha majani nikampa?

Jibu: Ni kweli dada, inatoka humo, asili yake Madagaska. Ila mmea mzima una kiasi kidogo mno, na kwenye hayo majani kuna sumu nyingine nyingi ambazo utamnywesha kabla hajapata dawa. Usimpe.

Mama wa Kirumba: Watoto wangu wanalala nae. Je itawapata? Na mapanki (mabaki ya samaki yaliyotolewa minofu) tunayompa ndo yameleta kansa?

Jibu: Haiwapati mama, hizo seli zinaota kwa mbwa. Mapanki hayahusiki, ila mifupa yake inakwama kooni, chemsha uchambue. Tahadhari iko wakati wa tiba: siku chache baada ya kila sindano mkojo na kinyesi vina dawa, mtu mzima mwenye glovu ndo asafishe, watoto na mjamzito wakae mbali.

Mdau wa Kisesa: Jike wa miaka 9, uvimbe chuchu ya nyuma, saizi ya yai. Nikate?

Jibu: Kabla ya kisu apigwe eksirei ya kifua kuangalia kama haijafika kwenye mapafu, maana karibu nusu ya uvimbe wa chuchu kwa mbwa ni kansa mbaya. Kifua kikiwa safi, kata mapema na kipande kiende maabara. Kwa majike wadogo, utafiti wa Marekani wa 1969 uliona akifungwa kizazi kabla ya joto la kwanza hatari ya uvimbe wa chuchu inakuwa asilimia 0.5 tu ya ile ya jike asiyefungwa, baada ya la kwanza 8, baada ya la pili 26.

Mdau wa Igoma: Jirani ananiambia hicho kinyama nikifunge kwa uzi kikauke chenyewe.

Jibu: Kitaoza juu na shina litabaki ndani, alafu usaha. Mtoe huo uzi leo kama umeshaufunga, na kesho saa mbili asubuhi nakupitia twende nae.

Mdau wa Igoma: Sawa mkuu, nimeshautoa. Nitakuwa stendi.