Bati, tope na taka: kusafisha kaya baada ya dhoruba hapa Kigoma

Sisi wa Kigoma hatupigwi na vimbunga vya baharini kama Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Ila anayeishi Mwanga, Gungu au Katubuka anaijua mvua ya upepo inayong'oa bati na kulaza mwembe juu ya choo. Kikundi chetu cha usafi huitwa asubuhi yake, na mara nyingi tunakuta kosa limeshafanyika: bati, godoro, mahindi yaliyolowa na tope la choo, vyote vimesukumiwa korongoni. Korongo likiziba, mvua inayofuata inaingia kwa jirani. Kinachobaki kinashuka ziwani tunakochota maji na kuvua dagaa, na Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakiondoki leo wala kesho.

Hatua ya 1: Tazama juu kwanza
Kama waya wa umeme umeanguka au umelala juu ya bati, kaa mbali, zuia watoto, piga simu TANESCO. Hata kama mtaa mzima hauna umeme, usiuguse. Kisha piga picha za uharibifu kabla hujahamisha kitu; mtendaji wa mtaa ataziulizia.

Hatua ya 2: Miguu na mikono
Vaa gambuti au viatu vigumu, na glovu nene. Kijana wetu mmoja aliingia na ndala akakanyaga msumari uliokuwa kwenye ubao chini ya tope. Kidonda kama hicho kioshe kwa maji safi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya pepopunda. Bati lililolala chini liinue kwa mti mrefu, ukingo wa mbali ukitangulia, maana nyoka hupenda kujificha hapo.

Hatua ya 3: Tenga mafungu
Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo ninapowasihi mtulie. Fungu la kwanza ni vya kutumika tena: bati, mbao, tofali nzima. Ng'oa misumari papo hapo uiweke kwenye kopo. Fungu la pili ni matawi na majani. Fungu la tatu ni taka za nyumbani, ziingie kwenye viroba. Usijaze kiroba hadi mtu ashindwe kukibeba. La nne ni vitu vya sumu: betri, dawa za shamba, mafuta machafu, taa zilizovunjika. Viweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na watoto, umwulize afisa afya wa kata pa kuvipeleka. Paa la zamani la asbesto usilivunjevunje. Lilowanishe kwa maji, liache palepale, umwite afisa huyohuyo.

Mafungu yakae upande wako wa barabara, mbali na mfereji, ili guta au gari la taka lipite.

Hatua ya 4: Chakula
Najua inauma kutupa gunia la mahindi. Lakini nafaka iliyolowa maji ya mafuriko ina uchafu wa vyoo, na ukiianika juujuu inaota ukungu wenye sumukuvu. Kuku nao wasipewe. Ifukie shimoni, mbali na kisima angalau mita 30, uishindilie udongo juu. Mzoga wa mbuzi au kuku ufukiwe hivyohivyo, siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Tope la choo
Choo kikifurika, tope lake lichukulie kama kinyesi chenyewe. Kigoma tunaijua kipindupindu; mwaka 2015 ilitikisa Kagunga. Liondoe kwa koleo, lizike, usilifagilie uani. Sakafu ioshe kwanza kwa maji ya sabuni, maana dawa haifanyi kazi juu ya tope. Kisha chukua klorini ya maji ya dukani ya asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji, mwagia, acha dakika 10, suuza. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, mvuke wake unaharibu mapafu.

Hatua ya 6: Usichome ovyo
Plastiki, godoro na mbao zenye rangi zinatoa moshi wenye sumu. Matawi ya mwembe yakate yakauke, ni kuni nzuri. Majani yarundike kivulini ukichanganya na samadi. Ukiyageuza kila wiki mbili utapata mboji ya bustani.

Hatua ya 7: Zunguka tena
Siku ya tano pita uani na kagua kila kopo, tairi, kifuu na bati lililopinda. Mbu anaweza kutoka kwenye yai hadi kuruka ndani ya siku 7 hadi 14, kwa hiyo mwaga maji yote sasa. Rudia wiki inayofuata, na usisahau kile kipande cha mfereji mbele ya nyumba ya bibi anayeishi peke yake.