Jinsi ya kutunza rangi ya gari na kuzuia kutu kwenye bodi

Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa tatizo la kutu huwa yanang'aa. Mwenyewe analiosha kila wiki na boneti inameremeta, lakini ukipiga goti ukapitisha kidole chini ya mlango, kidole kinatoka na unga wa kahawia. Kutu huanzia pale maji yanapolala, na mara nyingi hapo ni mahali ambapo hakuna anayepatazama. Kwa hiyo weka polishi kando kwanza, tuanze na ukaguzi.

Hatua ya 1: Kagua kwa vidole

Osha gari, liache likauke, kisha lisogeze kwenye mwanga wa mchana. Shika tochi. Pitia kingo za chini za milango, ndani ya madigadi pale bati linapokunjwa, vizingiti vya milango, chini ya raba za vioo, kingo za buti, na sehemu ya mbele ya boneti inayopigwa na kokoto. Macho peke yake yatakudanganya, kwa hiyo papasa.

Tafuta mchubuko uliofika kwenye bati, mstari wa kahawia unaotiririka kutoka kwenye maungio, na malengelenge. Lengelenge ndilo la kuogopa. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inaisukuma rangi kutoka chini mpaka inavimba. Ukiona kivimbe cha ukubwa wa punje ya mahindi, mara nyingi kidonda kilichojificha chini yake ni kipana zaidi. Kibonyeze kwa kidole gumba: kikivunjika kama ganda kavu, nenda moja kwa moja hatua ya 6.

Hatua ya 2: Zibua matundu ya maji

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu leo, fanya hili. Mlango wa gari haujatengenezwa kuzuia maji yasiingie. Mvua inapita kando ya kioo na kushuka ndani ya mlango, kisha inatakiwa kutoka kupitia matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini. Vumbi na majani yakiyaziba, mlango unageuka kuwa beseni.

Fungua mlango, chuchumaa, utafute matundu hayo. Yazibue kwa kijiti laini au kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Usitumie msumari wala bisibisi, maana utachubua rangi ya ndani na kuzaa kutu nyingine. Kuna mlango mmoja niliuzibua ukatoa maji ya rangi ya chai yaliyojaa karibu kikombe, na mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa nyuma. Mwenye gari alikuwa amesikia yakicheza ndani kila akifunga mlango, akadhani ni kioo kimelegea.

Fanya hivyo hivyo kwenye vizingiti, kwenye buti chini ya tairi la akiba, na kwenye mfereji ulio chini ya waipa. Inua na mazulia ya ndani. Zulia likiwa na unyevu, sakafu inaoza kutoka juu kwenda chini na hutaijua mpaka itoboke.

Hatua ya 3: Osha bila kukwaruza

Tabaka zote za rangi ya kiwandani zikijumlishwa huwa na unene wa takriban milimita 0.1 hadi 0.15. Klia, lile tabaka la juu linaloleta mng'ao, ni kama theluthi yake tu. Kila mchanga unaouburuza kwa spanji unakula humo.

Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Mwagia maji kwanza ili mchanga uondoke wenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hujakirudisha kwenye povu. Anza juu ushuke chini, kwa mistari iliyonyooka; magurudumu yawe ya mwisho na yawe na kitambaa chake. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando. Sabuni ya unga na ya vyombo zinaondoa waksi, yaani nta inayopakwa juu ya rangi kuikinga, usizizoee.

Ukitumia mashine ya presha, usiielekeze kwa karibu kwenye rangi iliyochubuka, itaibandua. Elekeza nguvu hiyo chini ya gari na ndani ya madigadi, hasa kama unaendesha kando ya bahari au kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Chumvi inaharakisha kutu mno.

Kinyesi cha ndege kisisubiri siku ya kuosha. Kilowekee kitambaa chenye maji dakika 5, kisha kiinue bila kusugua. Jua likikikausha juu ya klia, linaacha kovu.

Hatua ya 4: Waksi

Waksi inakwenda juu ya rangi safi na kavu. Paka tabaka jembamba, paneli moja moja, acha lipauke, futa kwa kitambaa laini. Kupaka nene hakuongezi ulinzi. Rudia kila baada ya miezi 3 hivi, au pale maji yanapoacha kujikusanya kama shanga juu ya boneti. Polishi ni jambo jingine: inasugua na kupunguza klia, kwa hiyo itumie tu pale rangi inapokuwa imefubaa kweli.

Hatua ya 5: Michubuko ya kokoto

Izibe wiki hiyo hiyo. Tafuta namba ya rangi kwenye kibandiko au bamba la gari, mara nyingi liko kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Safisha shimo kwa spiriti. Kama bati limeonekana, dondoshea praima, ile rangi ya kwanza inayoshika bati, kwa ncha ya kijiti cha meno, ikauke, kisha rangi matone mawili matatu membamba ukisubiri kila moja likauke, na mwisho klia. Usijaze kwa mkupuo mmoja. Tone nene linakauka juu huku chini likibaki bichi.

Hatua ya 6: Kutu iliyokwisha kuanza

Vaa barakoa na miwani. Kwanza choma kidonda kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, bati limeliwa, na hapo kunahitajika fundi wa kukata na kuchomelea bati jipya. Kwenye chesisi (fremu ya chini ya gari) na vizingiti usikubali kabisa kuzibiwa kwa puti, lile rojo zito la kujazia mashimo, maana sehemu hizo ndizo zinazobeba gari na kuwakinga watu waliomo.

Bati likiwa zima, sugua kwa msasa namba 80 mpaka uone chuma cheupe, na uvuke mpaka wa kutu pande zote. Fuata na namba 180 kisha 320 ili ukingo wa rangi ya zamani uteremke taratibu. Vishimo ambavyo msasa haufiki, paka dawa ya kugeuza kutu na ufuate muda ulioandikwa kwenye chupa. Futa kwa spiriti, na baada ya hapo usipaguse kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi.

Paka praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Puti, kama inahitajika, ikae juu ya epoksi. Puti inanyonya unyevu. Nilipokuwa mwanafunzi niliipaka moja kwa moja juu ya bati lililokuwa na madoa, nikapiga rangi ikapendeza, na miezi michache baadaye malengelenge yakarudi mahali pale pale. Nililifanya lile digadi upya bila kumtoza mteja.

Maliza kwa praima ya juu, ile ya kusawazisha kabla ya rangi, msasa wa maji namba 600, rangi, halafu klia. Kisha nyunyizia nta ya ndani, ile ya kukinga uwazi wa ndani dhidi ya kutu, upande wa nyuma wa paneli kupitia matundu yaliyopo, ukiepuka breki na ekzosi, na uhakikishe hujayaziba yale uliyoyazibua. Rangi mpya isipakwe waksi kwa mwezi mmoja.