Unashtuka shtuka usiku? Anza na tumbo

Nyie mnaoshtuka saa nane usiku moyo unadunda, kabla hamjakimbilia vidonge vya usingizi angalieni kwanza mlikula nini na saa ngapi, maana tumbo na ubongo vinaongea muda wote kupitia neva inaitwa vagasi, sasa ukishindilia chipsi mayai na pilipili saa nne alafu ukajitupa kitandani, tumbo linakesha kazini, asidi inapanda kifuani na wewe usingizi wako ni wa mang'amung'amu tu. Kula masaa 3 kabla ya kulala, ukichelewa uji mwepesi unatosha, alafu lalia ubavu wa kushoto, asidi haipandi sana. Na ile chai ya rangi ya usiku jamani, baada ya masaa kama 5 nusu ya kafeini, ile inayofukuza usingizi, bado unayo mwilini. Kiungulia cha kila siku lakini, hicho mwone daktari.