Kuotesha bakteria wanaovunja benzoati pasipo oksijeni

Benzoati ni chumvi ya asidi ya benzoiki, na ndani yake mna pete ya benzeni, yaani mzingo imara wa kaboni 6. Penye hewa, bakteria huivunja pete hiyo kwa kuipachika atomi za oksijeni. Pasipo hewa, silaha hiyo haipo. Bakteria Thauera aromatica huanza kwa kuiunga benzoati na koenzaimu A (molekuli saidizi ya seli), kisha hutumia molekuli 2 za ATP, sarafu ya nishati ya seli, kusukuma elektroni 2 ndani ya pete. Uimara wa pete ukishavunjwa hivyo, maji huingia na hatimaye pete hufunguka. Ni kazi ya gharama kubwa kwa kiumbe mdogo namna hiyo, basi jiandae kusubiri.

Hatua ya 1. Chota matope meusi ya chini ya maji, sentimita kadhaa kutoka juu. Jaza chupa pomoni, hewa isibaki.

Hatua ya 2. Andaa maji yenye chumvi za madini, amonia, fosfeti na vitamini. Yachemshe, na yanapopoa pitisha nitrojeni yenye kaboni dioksidi 20%. Mwishoni tia bikarbonati, milimoli 30 kwa lita. Ziba kwa vizibo vya mpira wa butili. Mpira wa kawaida hupenyeza oksijeni kidogo kidogo. Nilishapoteza kazi ya miezi miwili kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3. Kwa kila lita tia milimoli 2 za benzoati ya sodiamu na 10 za nitrati, itakayoshika nafasi ya oksijeni, kisha tia tope kidogo. Molekuli moja ya benzoati ikiungua yote hutoa elektroni 30. Nitrati ikigeuka gesi ya nitrojeni hupokea 5. Kila benzoati basi hudai nitrati 6, yaani 12 kwa hizo 2. Nitrati nimeipunguza makusudi, ili iishe kabla ya benzoati.

Hatua ya 4. Andaa pia chupa za kulinganishia: moja isiyo na benzoati, moja isiyo na nitrati, na moja uliyoiua mara mbili kwa otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo). Usiziruke hata ukibanwa na muda. Matope yana chakula chake cha zamani, na nitrati inaweza kwisha yote benzoati ikiwa haijaguswa. Weka chupa zote gizani, nyuzi 28 hadi 30. Kwenye mwanga, Rhodopseudomonas palustris naye hula benzoati, nawe hutajua kazi ni ya nani.

Hatua ya 5. Kila wiki vuta sampuli kwa sindano iliyosafishwa kwa nitrojeni, upime benzoati, nitrati na nitriti. Nitriti huzaliwa nitrati inapotumiwa, na ikirundikana sana, huwadhuru bakteria.

Siku moja nitrati itakwisha, na benzoati itaacha kushuka. Ongeza milimoli 5 za nitrati kwa lita. Benzoati ikianza kushuka tena, umepata ushahidi ninaouamini kuliko wowote: bakteria wanaipumua nitrati ili waile benzoati.

Hatua ya 6. Hamishia asilimia 10 kwenye maji mapya, ufanye hivyo jumla ya mara 5. Tope la mwanzo litakuwa sehemu 1 kati ya 100,000. Maji yakitia weupe sasa, ni bakteria wenyewe.