Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Ualimu, Mjue Atakayekufundisha

Matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Mama mmoja wa Pasua anauliza chuo kipi cha ualimu ni kizuri, binamu yangu wa Himo anauliza ada, kijana wa kwaya anauliza kama bweni lina maji. Sijapata anayeuliza ni nani atakayesimama mbele ya huyo kijana miaka yake yote ya chuo akimfundisha kazi. Mtoto ukimpeleka kwa fundi cherehani ajifunze, unataka kwanza kuona nguo alizoshona fundi. Kwenye ualimu tunaulizia sare na godoro.

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kwanza, shule ya serikali hapa Moshi, na darasa langu hupokea wanachuo wa BTP, wale wanaoletwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Nyuma yao huja wakufunzi wao kuwakagua. Kwa hiyo wakufunzi nawaona wakiwa kazini, mimi nikiwa nimekaa pembeni na kazi yangu ya kusahihisha madaftari.

Mkufunzi aliyewahi kufundisha watoto wadogo haanzi na faili. Anapita dawati la nyuma, anainama, anachukua daftari la mtoto, anatazama kama b na d zimegeuzwa, anatazama penseli imeshikwaje. Halafu ndipo anatafuta pa kukaa. Ambaye hakuwahi anakwenda moja kwa moja kwenye andalio la somo: hatua zote zipo? Muda umegawanywa? Sehemu ya tathmini imejazwa? Kisha anajaza fomu, anamwita mwanachuo nje chini ya mti, anampongeza. Na kweli andalio lilikuwa safi. Ila watoto wa upande wa dirishani hawakuandika hata silabi moja, na mkufunzi hakuwatazama.

Wote wawili wanaweza kuwa na shahada ileile. Walichotofautiana ni walikopitia kabla ya kufika chuoni, na hilo unaweza kulijua mapema ukiulizia vizuri.

Wanatoka wapi hawa

Kwenye chuo cha kati, yaani kisicho chuo kikuu, utafundishwa na wakufunzi, na chuo chenyewe lazima kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo. Chuo kikuu utafundishwa na wahadhiri, chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Huku kwetu hatuna uhaba: Marangu na Mandaka upande wa Kilimanjaro, Monduli na Patandi upande wa Arusha, vyote vya serikali, halafu vyuo vikuu vyenye ualimu kama Mwenge hapa Moshi, Stefano Moshi, na Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha, vyote viwili Usa River. Vya binafsi na vya makanisa viko vingine pia.

Wakufunzi wengi utakaowakuta walikuwa walimu wa sekondari. Alisoma shahada ya ualimu, akafundisha Jiografia au Kemia, akahamishiwa chuoni. Kama unasomea kufundisha sekondari, huyo ni mtu wako kabisa. Tatizo linakuja kwa anayesomea ualimu wa msingi. Kazi ya ukufunzi inadai shahada, na walimu wengi wa msingi waliojiendeleza hadi shahada walihamia sekondari. Matokeo yake, chuo kinaweza kuwa na walimu hodari wa Kidato cha Tatu wanaoandaa watu wa kwenda kukutana na watoto wa miaka sita. Sisemi hawawezi. Nasema waulize.

Walio adimu, na mimi nikimpata mmoja chuoni namshauri mtu aende kwa ajili yake tu, ni waliopanda ngazi moja moja. Alianza na cheti, daraja IIIA, akapangiwa kijijini na kupewa Darasa la Kwanza kwa sababu wakubwa wake hawakulitaka. Akasoma stashahada, akawa IIIB. Akachukua shahada kupitia Chuo Kikuu Huria huku bado anafundisha, akisoma usiku. Mtu wa namna hiyo akikufundisha njia ya kutambulisha sauti za herufi, anakuambia pia cha kufanya mtoto mmoja anapojikojolea katikati ya kipindi. Hilo halimo kwenye moduli.

Wapo waliotoka uthibiti ubora wa shule, ambao wazee bado wanawaita wakaguzi, na waliokuwa maofisa elimu kata. Wameingia madarasa mengi kuliko mimi nitakavyoingia maisha yangu yote. Wanajua shule inavyoharibika na inavyopona, na somo la uongozi na usimamizi wanalimudu kwa mifano. Angalia tu kama yeye mwenyewe alishika chaki muda mrefu kabla ya kushika faili.

Chuo kikuu kuna hawa vijana wanaobakizwa kwa sababu ya ufaulu. Anayeanza ngazi ya chini kabisa ya uanataaluma anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 kwenda juu kwenye shahada ya kwanza. Ni vichwa kweli. Wengine lakini darasa la watoto wamelionea BTP yao wenyewe, basi. Nadharia za Piaget na Vygotsky, wanasaikolojia wa ukuaji wa mtoto, atakumwagia bila karatasi. Kwa hiyo kwenye idara usitazame mtu mmoja. Tazama kama kuna mchanganyiko wa vijana wa nadharia na wazee wa darasani.

Elimu maalumu ni habari nyingine. Patandi, pale Tengeru, ndicho chuo cha serikali kinachojulikana kwa fani hiyo, na huko swali la alikopitia mkufunzi linakuwa kali zaidi. Anayefundisha nukta nundu, maandishi ya wasioona, awe anaisoma kwa vidole au kwa macho kwa kasi, si kwa kutafuta kwenye chati. Anayefundisha lugha ya alama awe ameishi na viziwi, na akiwa kiziwi mwenyewe bora zaidi. Ukitaka kumpima, mwombe akueleze mtoto mmoja aliyewahi kumfundisha na alivyobadilika. Aliyekuwa na watoto hao hatakupa tafsiri ya ulemavu, atakupa mtoto.

Na usidhani kila mkufunzi mzuri lazima aanzie ualimu. Maria Montessori alikuwa daktari. Alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, na mpaka leo masista wa Ushirika wa Neema hapa Moshi wanaandaa walimu wa awali kwa njia yake. Lakini daktari yule alikaa chini na watoto akawatazama siku nyingi kabla ya kumfundisha mtu mzima yeyote. Kwa hiyo muuguzi, mchungaji au sista akikufundisha malezi, usimdharau. Uliza alikaa na watoto wapi.

Kusoma vyeo bila kubabaika

Vyuo vikuu huweka orodha ya wahadhiri kwenye tovuti zao, jina na shahada. Vyuo vya kati mara nyingi huna pa kusoma. Utaona mbao za matangazo au utauliza ofisini. Ukipata orodha, usiishie kwenye "Dk." Angalia ni ya nini. Shahada ya uzamivu ya uongozi na mipango ya elimu ni kitu kikubwa, na anayetaka kuwa mkuu wa shule atafaidi. Haimfanyi mtu ajue kufundisha kujumlisha kwa kubeba. Tafuta maneno kama mbinu za kufundishia, saikolojia ya elimu, elimu ya awali, mitaala na ufundishaji. Halafu angalia shahada ya kwanza: mtu aliyeanza na shahada ya ualimu na mtu aliyeanza na biashara akaongeza ualimu baadaye wamepita njia tofauti.

Vyuo vya binafsi uliza jambo moja zaidi: nani ameajiriwa hapo na nani anakuja kwa vipindi. Jina kubwa kwenye kipeperushi linaweza kuwa la mtu anayefika Ijumaa mchana, anasomesha saa tatu mfululizo na kuondoka na gari la jioni. Si dhambi, ila ukikwama Jumatatu hayupo.

Nenda mwenyewe

Simu haitoshi. Nenda siku ya kazi, muhula ukiwa umefunguliwa, asubuhi. Marangu unapanda Hiace stendi ya Moshi, unapita Himo. Kwa Patandi unashuka Tengeru. Epuka Jumatano na Jumamosi, ni siku za soko, utabanwa na matenga ya ndizi mpaka usahau ulichofuata.

Getini jitambulishe, ofisini salimia. Shikamoo haijawahi kumpunguza mtu. Sema umekuja kuulizia nafasi, na uombe kuonana na anayeshughulikia taaluma. Akikukaribisha, usianze na "mna sifa gani?" Hapo umemtukana mtu mzima. Sema hivi: "Mkufunzi, samahani, kabla ya kuja chuoni ulifundisha wapi, na madarasa gani?" Watu wa kazi yetu wanapenda swali hilo. Mwalimu aliyefundisha Darasa la Kwanza hataishia kwenye jina la shule. Atakwambia walikuwa watoto mia na kidogo, madawati ishirini, na mtoto fulani ambaye sasa ni rubani.

Kisha umuulize mara ya mwisho aliingia lini darasani kufundisha watoto, si kukagua. Tarehe hiyo ina maana. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulijengwa upya kuzunguka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mitaala mipya ikaanza tena Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na Kidato cha Kwanza kwa mkondo wa amali, yaani wa ufundi. Mtu aliyeondoka darasani kabla ya yote hayo anaweza kuwa amejisomea vizuri, na njia rahisi ya kujua ni kumuuliza kama anashiriki MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Anayekwenda kukaa na walimu wa shule za jirani anajua tunalalamikia nini.

Ukitoka ofisini usikimbilie gari. Kaa kwenye kibanda cha chai nje ya geti, wanachuo wa mwaka wa pili watakuja. Waulize kitu kimoja tu: kuna mkufunzi aliyewahi kuwapeleka shule ya mazoezi, akasimama mwenyewe mbele ya watoto akafundisha, nyinyi mkitazama? Wakitazamana na kucheka, umejibiwa. Wakikutajia jina na somo, andika hilo jina.

Waulize pia BTP anakuja nani. Kuna vyuo vinavyompeleka mkufunzi wa Historia kumkagua mwanachuo anayefundisha Hisabati kwa sababu gari lina nafasi moja. Mwanachuo wa namna hiyo anatoka shuleni kwangu na alama bila kuambiwa kwamba alikosea njia ya kutoa kwa kuazima, na mimi ndiye ninayebaki na watoto waliochanganyikiwa.

Majibu yote mazuri hutayapata sehemu moja. Mimi nikilazimika kuchagua, nachukua chuo chenye wakufunzi wawili watatu waliotoka kwenye umri wa watoto unaotaka kuwafundisha, hata kama maktaba ni ndogo. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, hakubaliani na mimi. Anasema vitabu havihami lakini mkufunzi anahamishwa wakati wowote. Ana hoja, hasa kwa vyuo vya serikali. Ndiyo maana uliza na kuhusu waliohamia karibuni na wanaokaribia kustaafu.

Na kama umeshaingia

Pengine unasoma haya ada imeshalipwa na wakufunzi wako wote ni wa sekondari. Usihame. Wakati wa kupangiwa BTP, wenzako watakimbilia Darasa la Tano na la Sita kwa sababu watoto wanajua kukaa kimya. Wewe omba Darasa la Kwanza. Siku chache za mwanzo usifundishe, kaa nyuma utazame mwalimu wa darasa anavyogawa madaftari, anavyonyamazisha bila kupiga kelele, anavyorudia sauti ileile kwa njia tatu. Andika. Mkufunzi akija kukukagua, mkabidhi andalio lako la somo, halafu mwombe kwa adabu atazame madaftari matano ya watoto kabla hajajaza fomu. Wengi hukubali, na wengine nimewaona wakivuta kiti na kuanza kumsaidia mtoto.

Likizo ikiangukia shule za msingi zikiwa wazi, chukua barua ya chuo, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu na kwenu uombe kukaa darasani wiki moja. Januari ndiyo bora, watoto wanapoingia hawajui penseli inashikwa upande gani. Kwangu mnakaribishwa. Njoo na viatu vya chini na chakula chako cha mchana, kwa sababu kiti ni kimoja na nakikalia mimi nikisahihisha.