Namna ya Kutathmini Hatari ya Joto na Baridi Kali Mtaani

Kamati ya mtaa inayotaka kujua ni wakazi gani watakaodhurika joto likizidi au baridi ikikaza isitegemee kipimo kimoja cha jiji zima. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unahitajika, lakini kipimajoto cha kituo hukaa kivulini, mahali pa wazi penye upepo, ilhali mkazi wa Manzese, Dar es Salaam, analala katika chumba cha dirisha moja, chini ya bati lisilo na dari. Hatari ya kila kaya hutokana na ukali wa hali pale watu walipo, wepesi wa miili yao kudhurika, na uwezo wao wa kujikinga. Ndiyo maana nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana.

Chagueni majira yanayofaa. Dar es Salaam pimeni kati ya Desemba na Machi, wakati joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevu wa bahari hulifanya jasho lisikauke, na jasho lisilokauka haliupoozi mwili. Makete, wilaya ya baridi katika nyanda za juu kusini, pimeni Juni na Julai, kwa kuanzia na vijiji vya juu, maana mtu akipanda mita 1,000 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi zipatazo 6.5, na katika uwanda wa Kitulo sakitu hutanda juu ya nyasi alfajiri.

Vipimajoto vichache vya bei nafuu vinatosha. Viwekwe kwenye kimo cha kitanda, mbali na jua na jiko, visomwe saa nane mchana, saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa wiki nzima. Msiache kipimo cha usiku hata kama kinachosha, kwa sababu mwili uliochemka mchana kutwa hupumzika usiku, na chumba kisichopoa humnyima mtu nafasi hiyo. Kwa upande wa baridi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyuzi 18 kama kiwango salama cha chini ndani ya nyumba.

Baada ya hapo pitieni kaya kwa kaya, mkiandika wazee, watoto wachanga, wajawazito, wagonjwa wa moyo, figo na kisukari, wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, na wanaofanya kazi juani au motoni, kama vibarua wa ujenzi na mama lishe. Mkimwuliza bibi kama joto linamsumbua, atajibu, “Tumezoea, mwanangu,” na mtaondoka bila kitu. Baada ya kumwamkia, mwulizeni usiku wa jana alilala wapi, na kama dirisha lilikuwa wazi. Mara nyingi mtasikia kwamba lilifungwa kwa hofu ya wezi au mbu; hivyo dirisha lililohesabiwa kwenye fomu kumbe halipitishi upepo wowote.

Mwulizeni pia ni nani atakayebisha hodi asipoonekana asubuhi. Mji wa Chicago ulipopatwa na wimbi la joto Julai 1995, watu zaidi ya 700 walifariki, na wengi wao walikuwa wazee, baadhi wakiishi peke yao bila mtu wa kuwajulia hali.

Katika nyanda za baridi, jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango kufungwa lisiandikwe kama kinga. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, kwa hiyo kaya hiyo inastahili alama ya hatari hata kama chumba kina joto zuri.

Linganisheni matokeo na daftari la zahanati, mkikumbuka kwamba madhara ya joto huonekana ndani ya siku chache, wakati yale ya baridi yanaweza kuchelewa wiki mbili au zaidi. Alama za kaya zisijumlishwe kijuujuu: mzee anayeishi peke yake katika chumba kisichopoa apewe kipaumbele hata kama majibu yake mengine ni mazuri. Ramani ya visima, miti ya kivuli na zahanati ibandikwe ofisini ili wote waione; orodha ya wanaoishi peke yao ibaki kwa mjumbe wa shina na mhudumu wa afya, kwa sababu mwizi naye hupita kusoma matangazo.